Programu yangu ya mvua ina watumiaji lakini haina wasaidizi. Nakosea wapi?

Mvua_Moro ameandika:

Wakuu, heshima kwenu.

Naomba niulize kwa kirefu. Nikiuliza kwa kifupi huwa naambiwa "weka GitHub", ile tovuti ya kuweka msimbo wa programu hadharani, na GitHub nimeshaweka tangu miaka miwili iliyopita.

Mimi ni mtafiti wa kilimo, niko Morogoro. Kompyuta sikuisomea. R, ile lugha ya programu za takwimu, nimejifunza ukubwani, na yaliyonifikisha huko ni madaftari ya mvua. Kituoni kwetu yapo ya tangu sijazaliwa: kila siku saa tatu asubuhi mtu anaenda kwenye kipimamvua, anamimina maji kwenye glasi ya kupimia, anaandika namba. Nilipewa kazi ya kuangalia kama kweli mvua za masika zinachelewa kuanza kama wakulima wanavyolalamika. Nikajua ni grafu tu, wiki mbili nimemaliza. Ikachukua miezi saba, na karibu yote ilikuwa kusafisha data.

Aliyewahi kushika madaftari haya ananielewa. Kuna siku imeandikwa 0, kuna siku imeachwa wazi, kuna siku ina kistari, na kuna siku imeandikwa "TR", yaani manyunyu yaliyoonekana ila hayakupimika. Sasa iliyoachwa wazi ni sifuri, au ni siku ambayo mpimaji alikuwa msibani? Halafu mvua iliyoandikwa leo saa tatu asubuhi sehemu kubwa ilinyesha jana. Ukiilinganisha na makadirio ya satelaiti kama CHIRPS bila kulijua hilo, tarehe zinapishana siku moja na unaanza kuitukana satelaiti.

Basi nikaandika fanksheni za kusoma daftari, kutenganisha sifuri na pengo, kurudisha tarehe nyuma, kisha kutafuta siku ambayo mvua za msimu zimeanza. Kanuni niliyotumia: jumla ya milimita 20 au zaidi ndani ya siku 3, na katika siku 30 zinazofuata pasiwe na ukame wa zaidi ya siku 10 mfululizo. Siku kavu nahesabu iliyo chini ya milimita 0.85. Nikazifunga pamoja zikawa pakiti ya R, nikaiweka hadharani. Maelezo ya ndani yote ni ya Kiswahili, hata majina: `mvua`, `siku_kavu`, `mwanzo_wa_msimu`.

Watu wanaitumia, nalijua hilo kwa sababu wananipigia. Dodoma, Tabora, Iringa, juzi kanipigia mtu wa Bukoba. Nina grupu la WhatsApp lenye watu 63. Mtu anatuma picha ya skrini imejaa maandishi mekundu, namjibu inboksi, anashukuru, anapotea. Najibu usiku watoto wakilala. Kwenye repo yenyewe, yaani hifadhi ya pakiti kule GitHub, aliyewahi kuandika mstari mmoja wa msimbo ni mimi peke yangu. Hata ishu (swali au taarifa ya kosa inayoandikwa hapo) hakuna, ukurasa ni mweupe kama shuka ya hoteli.

Kulikuwa na mradi uliotupa fedha kidogo, tukafanya semina ya siku mbili. Watu 22, wote walifungua akaunti za GitHub, sambusa zikaliwa, posho zikasainiwa. Akaunti zile mpaka leo zina ile picha ya vijisanduku ambayo GitHub humpa mtu asiyeweka yake.

Kilichonisukuma kuuliza: mwezi wa nne nililazwa siku tano kwa malaria, simu ikiwa imezima. Nilipoiwasha nilikuta ujumbe 41, na watu wawili wameniambia wamerudi Excel. Siwalaumu.

Hawa wenzetu wenye programu za kisayansi zenye wachangiaji mamia waliwapataje? Ni fedha? Nitafsiri kila kitu kiwe Kiingereza ili wazungu waje? Au mambo haya hayatufai sisi, niendelee tu na inboksi zangu?

fundi_bila_spana amejibu:

Mkuu nimeingia kwenye repo yako. Faili la leseni liko wapi?

Usinichukulie vibaya, lakini kitu kisicho na leseni sheria inakihesabu ni mali yako peke yako, hata kama umekianika barabarani. Mtu wa taasisi yenye mwanasheria hatagusa. Kwa sasa pakiti yako watu wanaiona, huria bado haijawa. Weka leseni huria kama MIT au GPL, ni kazi ya dakika tano.

Na usilidharau hili. R unayoitumia iliandikwa na walimu wawili wa Chuo Kikuu cha Auckland kule New Zealand, Ross Ihaka na Robert Gentleman, kwa ajili ya kufundishia. Mwaka 1993 walianza kuwagawia watu nakala zake. Aliyewabembeleza waitoe chini ya GPL ni Martin Mächler wa Zürich, wakakubali mwaka 1995. Baada ya hapo marekebisho kutoka kwa watu yakawa mengi kuliko mikono minne inavyoweza kupokea, ndipo 1997 likaundwa kundi la msingi lenye ruhusa ya kubadili msimbo. Angalia mfuatano huo: leseni kwanza, halafu wageni, halafu funguo kwa wengine. Wewe unataka wageni na mlango umeufunga kwa komeo usilojua kama lipo.

nandi_juu amejibu:

Pole sana kwa malaria, ndugu yangu. Niko Eldoret. Mambo haya niliyaingilia kwa mlango wa nyuma, nilikuwa karani wa kuingiza data za wagonjwa, fomu za karatasi zimepangwa mezani kutoka asubuhi hadi jioni. Kwa hivyo nitaongea kama karani.

Leseni weka, yuko sahihi. Lakini nimesoma posti yako mara mbili na kilichonishtua ni hiyo inboksi. Mtu wa Tabora anakwama kwa sababu Excel imemgeuzia siku na mwezi, unamtatulia saa nne usiku. Mwezi ujao wa Iringa anakwama papo hapo, unaandika upya. Wa Tabora angeweza kumjibu wa Iringa! Jibu analo, umempa wewe. Ila hajui kama kuna mtu Iringa mwenye shida ile. Umekaa katikati kama operata wa simu za posta zamani, waya zote ziko mkononi mwako, na ukiumwa nchi nzima inanyamaza.

Hawa watu 63 ndio jumuiya unayoitafuta. Umewaweka kila mmoja kwenye chumba chake.

Fanya hivi. Pitia simu yako, chagua maswali kumi yanayojirudia, uyaandike wewe mwenyewe kwenye ishu za repo, swali na jibu, bila majina ya watu. Ukurasa usiwe mweupe tena, maana hakuna anayependa kuwa wa kwanza kuonekana hajui. Baadaye mtu akikuandikia inboksi mwambie kwa upole aliweke swali pale, na umjibu pale pale. Watanung'unika. Grupu la WhatsApp liache liwe la salamu na matangazo, usilifunge, watu wetu hapo ndipo wanaishi.

Halafu linalofuata litakuuma: swali likiingia, kaa siku mbili bila kujibu. Ukijibu dakika ya tano kila mara, yule wa Tabora hatapata nafasi ya kujua kwamba anajua.

Sasa niwape hadithi ya kwetu. Mosoriot, hapo Nandi, kulikuwa na mfumo wa rekodi za wagonjwa tangu 2001, wa Microsoft Access. Ulifanya kazi vizuri kwa kituo kimoja. Wagonjwa wa ukimwi walipoongezeka na vituo vikawa vingi, ukalemewa. Mwaka 2004 Burke Mamlin na Paul Biondich wa Taasisi ya Regenstrief, Indiana, walikuja Eldoret kuangalia, na hapo ndipo wazo la OpenMRS, mfumo huria wa rekodi za wagonjwa, lilipoanzia. Ilianza kutumika Eldoret mwanzoni mwa 2006, na mwaka huo huo ikawashwa Rwinkwavu, Rwanda, kwa wenzetu wa shirika la afya la Partners In Health.

Kitu kimoja katika hadithi hiyo kinakuhusu. Kwa kuwa walengwa walikuwa zaidi ya mmoja tangu mwanzo, hawakuweza kuujenga mfumo kwa fomu za hospitali moja. Kila swali unaloweza kumuuliza mgonjwa, uzito, kikohozi, dawa gani, liliingizwa kwenye kamusi ya dhana ndani ya hifadhidata, kwa hivyo kituo kikitaka swali jipya kinaliongeza kwenye kamusi bila kumwita mprogramu avunje jedwali. Na mwenye hitaji la pekee anaandika moduli yake pembeni, kiini hakiguswi. Mimi karani nilijifunzia hapo. Nisingeweza kugusa msimbo wa ndani wa Java hata kwa kushikiwa fimbo, lakini kamusi niliielewa. Dhana ya kwanza niliyopendekeza ilirudishwa kwa sababu ilikuwepo tayari kwa jina lingine. Ya pili ikakubaliwa. Nilikuwa na miaka 24, siku hiyo nilimpigia mama simu nikamwambia na hakuelewa hata neno moja, akaniombea tu.

Nimefungua msimbo wako. Kanuni ya milimita 20 umeichimbia ndani kabisa ya `mwanzo_wa_msimu`, pamoja na siku 30 na zile 0.85. Mtu ambaye kwao kanuni ni nyingine atafanya nini? Atanakili faili lote abadili namba, na hutamwona tena. Itoe nje. Kanuni iwe kitu ambacho mtu anakuja nacho. Hapo mgeni atapata kipande cha kukushikia.

Mengine haraka haraka. Pakiti yako inaburuta pakiti nyingine kibao, nimehesabu, na nyingi umetumia fanksheni moja tu. Mwanafunzi anayenunua bando la siku ameshakata tamaa kabla hajaona mvua. Zipunguze. Kuhusu semina: wale 22 hakuna aliyekuja na shida yake mkononi siku ile, walifungua akaunti kwa sababu mwezeshaji alisema fungueni. Ukipata tena fedha ya sambusa, kila mtu aje na daftari la kituo chake lililomshinda, na mgeni asiondoke kabla hajaandika ishu moja ya kwake.

Kiswahili usikiondoe. Andika ukurasa mmoja wa Kiingereza mbele kwa ajili ya wapita njia, basi. Mtu wako wa kwanza kukusaidia atatoka kwenye lile grupu, na anaota kwa Kiswahili.

Kwa malaria sina utani. Matplotlib, ile ya kuchora grafu kwenye Python, aliianzisha John Hunter, mtafiti wa mambo ya ubongo, alitaka kuona vizuri mawimbi ya umeme ya wagonjwa wa kifafa. Toleo la kwanza ni 2003. Alifariki Agosti 2012, bado kijana. Matplotlib haikusimama hata wiki, kwa kuwa walikuwepo wengine waliokuwa na ruhusa za kupokea marekebisho na kutoa matoleo. Kwako nani mwingine ana nywila?

hesabu_tamu amejibu:

Mimi nitakuwa yule mjomba mwenye maneno machungu. Kwa nini ujenge jumuiya? Jumuiya ipo. Kuna R-Instat, programu huria ya takwimu iliyojengwa juu ya R, inafanya hayo unayoyafanya na zaidi. African Maths Initiative ya hapa Kenya iliianza kwa kuchangisha fedha mtandaoni mwaka 2015, vijana wetu wameiandika, ina menyu nzima ya hali ya hewa, kuanza kwa mvua, kuisha kwa mvua, vipindi vya ukame, vyote kwa kubofya. Mambo unayoyagundua leo walishayagundua. Kwa mfano, wewe mwaka mrefu unaushughulikiaje? Wao wanahesabu kila mwaka una siku 366, siku ya 60 ni tarehe 29 Februari hata mwaka ambao haina, wanaiacha pengo, ili siku ya 61 iwe tarehe 1 Machi daima. Ukiangalia wewe, tarehe 1 Machi ni siku ya 60 mwaka huu na 61 mwaka ule, na unapiga wastani juu yake.

Ukanda huu una watu wangapi wanaojua R na wanaojua mvua? Wote wanaenea kwenye daladala mbili. Kila mmoja akiwa na pakiti yake na grupu lake, tutakuwa na marais wengi bila wananchi.

Mvua_Moro amejibu:

@fundi_bila_spana nimeweka GPL leo asubuhi. Aibu, lakini nimeweka.

@hesabu_tamu maneno ni machungu na hilo la siku ya 60 limenikosesha usingizi, ni kweli wastani wangu una kosa hilo. R-Instat niliijaribu. Ni nzuri, ila ni ya Windows na pale ofisini mashine mbili kati ya nne tumeweka Linux baada ya virusi vya flashi kutumaliza. Tena kwangu kazi kubwa iko kabla ya menyu, kwenye lile daftari: TR, kistari, pengo, saa tatu asubuhi. Nadhani naweza kuachana na kutafuta mwanzo wa msimu wengine wakafanya, mimi nikabaki na usafishaji. Sijaamua. Inauma kukata kitu ulichokilea.

@nandi_juu dada yangu, nimesoma nikanyamaza. Nywila ninayo mimi tu. Nimeanza kuandika yale maswali kumi. Nilipofika la sita nikagundua manne ni swali moja limeulizwa na watu wanne, na kila mmoja nilimjibu tofauti kidogo.

binti_uyole amejibu:

Shikamooni. Sijawahi kuandika hapa, huwa nasoma tu. Niko mwaka wa tatu, Mbeya.

Nilitumia hiyo pakiti kwenye mradi wangu wa chuo mwaka jana. Kaka Mvua_Moro samahani, sikukupigia kwa sababu nilijua nimekosea mimi. Kila mwaka iliniambia mvua zimeanza tarehe 1 Januari au 2 Januari au 3. Miaka 28 yote. Nilifurahi sana mwanzoni, nikasema kumbe huku kwetu hali ya hewa imetulia.

Baadaye nikaelewa. Inaanza kutafuta tarehe 1 Januari. Huko Morogoro ni sawa, masika yako mbele. Huku kwetu msimu ni mmoja, mvua zinaanza Novemba hivi na zinakwenda mpaka Aprili, kwa hiyo Januari tuko katikati ya mvua, milimita 20 ndani ya siku 3 zinapatikana palepale. Nilihamisha mwaka uanze Julai kwenye nakala yangu, ikakubali. Msimu wa 2009 hadi 2010 nikauita 2009. Iko kwenye laptop yangu mpaka leo.

Naomba kuuliza pia, mtu akichangia anapata nini? Msimamizi wangu alisema hiyo si kazi ya kitaaluma, niandike ripoti.

nandi_juu amejibu:

Mvua_Moro, weka mikono mfukoni. Najua sasa hivi umeshafungua faili unataka kurekebisha. Usirekebishe. Hata kama ni mistari mitatu. Hiyo ni ya binti.

Binti yangu, marahaba. Uliona kosa ambalo watu 63 hawakuliona, ukalirekebisha, ukalificha kwa aibu mwaka mzima. Andika ishu, maneno haya haya uliyoandika hapa, usiyapambe. Kisha tuma mabadiliko yako. Ukikwama kwenye git, ile programu ya kutunza na kutuma mabadiliko, uliza kwenye ishu hiyo hiyo, tuko wengi, nami nitapita.

Unapata nini: kwenye faili la DESCRIPTION la pakiti ya R kila mtu huandikwa na nafasi yake, `aut` ni mwandishi, `ctb` ni mchangiaji, `cre` ni mtunzaji. Jina lako likikaa pale kama `aut`, kila anayetaka kuirejelea pakiti kwenye makala anakuta jina lako. Mvua_Moro akiunganisha repo na Zenodo, ile hifadhi ya kazi za utafiti ya CERN, kila toleo linapata DOI, yaani namba ya kudumu ya kulirejelea, bure. Na kuna Journal of Open Source Software, ipo tangu 2016, haitozi mwandishi hata senti, wahakiki wanapitia msimbo wenyewe hadharani. Wanataka kuona majaribio, maelekezo na leseni. Mkifika hapo pamoja, msimamizi wako utampelekea makala yenye jina lako.

fundi_bila_spana amejibu:

Tarehe 1 Januari miaka 28. Nimecheka mpaka nimemwaga chai.

hesabu_tamu amejibu:

Nami nimecheka. Ila mnaona? Kuchagua mwaka uanze mwezi gani R-Instat ipo. Nasema tu. Binti, ukimaliza huko karibu na kwetu, tuna ishu za kutosha.

Mvua_Moro ameandika, baada ya wiki tano:

Wakuu, nimerudi kutoa mrejesho maana nyuzi nyingi humu mwenye swali huwa anatokomea.

Mikono niliiweka mfukoni siku tisa. Nilimwambia mke wangu, akasema hajawahi kuniona natazama kompyuta bila kuigusa. Binti wa Uyole aliandika ishu, kisha akakwama kutuma kwa sababu alikuwa amebadili nakala ya zamani sana. Niliandika jibu refu, nikakumbuka siku mbili, nikalifuta. Siku iliyofuata alijibiwa na mtu wa Tabora. Yule yule wa Excel! Sikujua kama anajua git. Kumbe kaka yake anafanya kazi benki kitengo cha mifumo, alimfundisha wikendi.

Mabadiliko yameingia. Sasa unataja mwenyewe mwezi ambao mwaka wa mvua unaanzia, usipotaja programu inakuuliza. Kanuni nimeitoa nje kama nilivyoshauriwa, na mtu wa Dodoma ameleta ya kwake, huko anataka ukame usizidi siku 7 kwa sababu anaangalia mahindi. Siku 366 nimefuata mtindo wa R-Instat. @hesabu_tamu nimekata sehemu ya grafu yote, faili linatoka likiwa tayari kufunguliwa kwenye R-Instat yenu. Iliuma siku mbili, sasa siikumbuki. Pakiti zinazoburutwa zimebaki tano.

Ishu ziko 19, mimi nimeandika 10. Inboksi bado wanakuja, nawaelekeza, wawili wamenikasirikia na mmoja kaniambia nimekuwa mtu wa maringo. Grupu limepungua hadi 58. Semina hatuna fedha, tutakutana watu sita Dodoma kila mtu kwa nauli yake na daftari lake.

Binti nimempa ruhusa ya kupokea mabadiliko, na yule wa Tabora pia. Nikaweka sheria kwamba hakuna anayejipitishia kazi yake mwenyewe, mimi nikiwemo. Jumatatu nikatuma marekebisho ya jinsi tunavyosoma "TR", mistari kumi na moja, nikaenda kunywa chai nikijua nitakuta yamepita. Binti amenirudishia. Ameandika: "Kaka shikamoo, naomba uweke jaribio la daftari lenye tr kwa herufi ndogo, la Mbozi limeandikwa hivyo." Nimeangalia, la Mbozi kweli limeandikwa hivyo. Ndiyo naandika jaribio sasa hivi.